Ndege Aliyekataa Posho

Nilipokuwa mtoto, kwetu katika nyumba za reli za Nsambya, ndege mgeni hakufukuzwa mlangoni. Haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, aliamini ndege wa namna hiyo ametumwa na mtu aliye mbali. Baba, mwanawe wa pekee, alikuwa ameenda Mombasa kutafuta kazi bandarini, na mwaka ulikuwa umepita.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya upepo, nilimkuta ndege chini ya kamba ya nguo. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, paji jeupe, mkia umegawanyika kama mkasi. Tulizoea kaloli, wale korongo wakubwa wa jalalani. Huyu hakuna aliyemjua.

"Mupe chakula," Haboba akasema. "Akikula, baba yako iko njiani."

"Na akikataa?"

"Basi huko amepata nyumba ingine."

Nilimpa posho, ugali wetu wa mahindi. Nikampa karanga. Nikaiba hata mukene, vile visamaki vikavu vya ziwani, kwenye sufuria ya mama. Nilichuchumaa mbele yake mpaka miguu ikafa ganzi, nikimbembeleza. Hakugusa kitu. Kufika adhuhuri alikuwa amekufa. Nilimzika nyuma ya choo, nikalia peke yangu.

Wiki chache baadaye baba alipiga simu kwa jirani. Mama akaniita, nikasema sitaki. Baba alipiga tena na tena, nami kila mara nikajifungia chumbani. Mwishowe aliacha kuniulizia. Alifia hukohuko Mombasa kabla sijamaliza shule.

Mwaka jana, kwa muuza vitabu vya mitumba mjini, nilifungua kitabu cha ndege nikamwona: buabua, ndege wa baharini. Hukaa angani miaka bila kutua, na huokota samaki hai juu ya maji akiwa anaruka. Dhoruba ikimtupa bara, hana cha kula. Posho yangu hata hakujua kuwa ni chakula.

"Nyabo, unanunua ama unasoma tu?" muuzaji akauliza, akiniita mama kwa Kiganda. Nikanunua.

Naishi peke yangu sasa, na ukurasa ule nimeufungua mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Haboba simlaumu. Yeye aliyenifundisha imani ile, simu ya jirani ilipolia, alikimbia bila viatu kwenda kumsikia mwanawe. Mimi nilibaki ndani, mlango nimeufunga kwa komeo.