Mwanafunzi wa Kusimama

Siku hizi madaktari wana jina la hali ya mtu kushindwa kutulia. Wakati ule, kwenye darasa la watu wazima nililofundisha Nyakato, Musoma, tulikuwa tunaitaga ukorofi tu, na mkorofi mwenyewe alikuwa shemeji yangu, mume wa dada.

Jamani, mtu yule alinichosha! Kiguu na njia. Nikianza kuandika ubaoni, tena kwa kipande cha muhogo mkavu maana chaki zilikuwa zimeadimika, yeye kashasimama. Lori likipita, yuko dirishani: "Mwalimu, sukari hiyo!" Darasa zima linatoka mbio, kumbe lori limebeba pamba. Akikaa, anatikisa dawati mpaka jirani yake anamtukana kwa Kijita.

Ningemfukuza. Lakini alikuwa anautaka unahodha wa boti ya kwenda kisiwa cha Rukuba, na mwenye boti alisema hampi mtu asiye na cheti cha kusoma na kuhesabu. Dada akanibana: "Mdogo wangu, huyu akikosa hicho cheti, atabaki kuchota maji yanayoingia botini mpaka uzeeni."

Jioni moja akaja na wavu uliochanika. Nyavu mpya hazikuwepo madukani, kila mtu alikuwa anashona za zamani. Nikamfokea auweke chini.

"Shemeji, niache tu," akasema. "Mkono ukiwa na kazi, sikio linatulia."

Nilikuwa nimechoka kugombana. Nikamwacha asimame kule nyuma, wavu ameutundika dirishani, anashona. Nikauliza hesabu ya kugawanya. Akajibu kabla sijamaliza. Sahihi! Wenzake wakanuna, eti mwalimu anapendelea ndugu yake. Potelea mbali. Toka siku hiyo alisoma kwa kusimama, na alisoma kweli.

Siku ya mtihani akaja mkaguzi, kavaa kaunda suti. Nikamweleza, nikambembeleza, huyu mmoja asimame nyuma na wavu wake.

"Mwalimu, hili ni darasa au mnada wa ng'ombe? Akae kama wenzake."

Akakalishwa kwenye dawati la watoto, magoti juu, mikono mitupu. Mguu ukaanza kucheza. Anaandika, anafuta, anachungulia nje, anafuta tena. Mwisho akainuka, akatoka bila kuniangalia. Karatasi nusu ilikuwa nyeupe, na maswali ya namna ile ile alikuwa amenijibu juzi yake huku anashona! Nilitamani kumrushia yule bwana muhogo wangu wa kuandikia.

"Mtu hawezi kukaa kitako," mkaguzi akaniambia huku anafunga mkoba, "boti ataiwezaje?"

Miezi ikapita, nikapanda boti ile kwenda Rukuba. Nahodha alikuwa kijana mgeni, mwenye cheti chake. Alishika usukani amesimama, toka Musoma mpaka tunafika, maana ukikaa huyaoni mawe yaliyo mbele. Shemeji yangu alikuwa miguuni pake, amechuchumaa, anachota maji.