Pilipili Isiyohitaji Kibali

Mahindi ya Ilembo yakishampita mtu kimo, njia ya kutoka sokoni hadi kwetu hugeuka kichochoro. Msimu huo kichochoro kilikuwa na mtu. Nilisikia mabua yakivunjika sambamba na hatua zangu. Nikisimama, naye anasimama. Niliogopa, tusidanganyane.

Binamu yangu wa Dar akanitumia kwa basi kikopo cha kupuliza pilipili. Mimi, kwa uungwana wangu wa kijinga, nikakipeleka kwanza polisi kuuliza kama naruhusiwa kukibeba.

"Dada, hii inahesabika silaha," afande wa kaunta akasema akikigeuzageuza. "Kununua ina utaratibu, kubeba ina utaratibu. Kibali unacho?"

"Sina. Kinachukua muda gani?"

"Inategemea."

Kikopo kikabaki kaunta. Nilipofika mlangoni nikageuka. "Na pilipili kichaa, afande?"

"Hicho kiungo. Nenda kapike."

Nikamsimulia bibi yangu, aliyezeekea Usevya akilinda mpunga wake dhidi ya tembo kabla ya kuhamia kwetu. Akasonya. Kule hutwanga pilipili, wakaichanganya na mavi ya tembo, wakakausha, jioni wakachoma pembeni mwa shamba, na tembo mzima anageuza njia.

"Nyie wa mjini mnaomba kibali cha moshi?" akaniuliza. "Kwani huyo mkubwa kushinda tembo?"

Ilembo tembo hawapo. Mavi ya ng'ombe yakatosha. Jua likiwa bado juu kidogo, nikapita njiani nikiimba kwa makusudi, bibi akinifuata na debe lake la moshi upande upepo unakotoka. Mabua yakaanza kuvunjika. Halafu ikasikika chafya. Ikaja nyingine, ndefu, yenye mluzi mwishoni. Hiyo parokia nzima tunaijua, hutuvurugia misa kila Jumapili.

Akatoka machozi yakimchuruzika: jirani yetu, mtu mzima, mbeba kapu la sadaka. Wanawake waliokuwa wakichuma majani ya maboga wakanyanyuka kuangalia.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia.

Akasema anatafuta mbuzi wake. Mtu hajawahi kufuga hata kuku! Wanawake wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, nikacheka mpaka nikakaa chini palepale njiani nalia. Bibi akaweka debe chini, akanishika bega, akangoja nimalize.