Malkia wa Papa Zakaria

Juzi, sokoni Mudzipela, niliona vijana wawili wakicheza sataranji juu ya katoni. Mmoja alijibu hatua za mwenzake haraka mno, nami, msomi mzima, nikamshuku papo hapo kuwa ni mwizi wa vitabu. Ni ugonjwa wangu wa zamani.

Nilipokuwa mtoto, tuliporudi kutoka ukimbizini Nyankunde, nyumba yetu ilikuwa imeporwa, tupu, ikinuka popo. Wakubwa walililia vitanda na masufuria. Mimi nilililia kitabu changu cha sataranji, ambacho kurasa zake za mwanzo nilikuwa nimezikariri.

Mchana mmoja jirani yetu Papa Zakaria, ambaye hakukimbia, alikuja kutusalimia kwa mara ya kwanza. Yeye na baba walizungumza juu ya mvua mpaka maneno yakawaishia. Nikaleta ubao wa sataranji ambao mjomba wangu alikuwa amekimbia nao.

Nilianza kama kitabu kilivyosema. Naye akajibu kama kitabu kilivyosema, farasi baada ya farasi.

"Papa Zakaria, kitabu yangu iko kwako?"

Baba akaacha kukoroga chai, akanitazama kwa ukali.

"Weye mutoto!" Papa Zakaria alicheka. "Bapadri ndio walinifundishaka, zamani."

Kisha akamweka malkia wake mbele ya kete yangu ndogo kabisa, nikamla. "Umenishinda, chef!" alisema, akiniita mkubwa. Baba akacheka, mama akaongeza chai. Nilijisifu wiki nzima.

Leo najua kwamba hatua zile zimo katika kila kitabu cha wanaoanza. Najua pia kwamba mchezaji kama yeye hapotezi malkia hivyo. Kama alikuwa ananunua amani, au analipia kitabu, mpaka leo sijui.