Upinde Bila Kamba

Baba yangu hakuwahi kumpiga mtu mshale. Nasema hili mapema, maana kila nikitaja upinde wake, watu wa hapa Kolwezi wananitazama kama binti wa jambazi. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Misa ya kwanza kila Jumapili. Ule upinde, ambao kwa Kiluba aliuita buta, aliurithi kwa babu yake, ambaye yeye kweli alipigana. Ulikaa juu ya mlango wa chumba chake. Akishaupaka mafuta ya mawese na kuuvuta kidogo uani, aliufungua kamba kabla ya kuurudisha. Alisema upinde unaolala na kamba yake unachoka, kama mtu anayelala na viatu.

Jumapili, tukishakula bukari, ugali wetu wa huku, na samaki, alituita mimi na mdogo wangu uani. Ile kamba ya ngozi aliilaza mchangani, ikawa mto Lualaba. Maharagwe yakawa watu: meupe sisi, mekundu wale wenye bunduki waliokuja zamani kukamata watu wa kuwabebea pembe za ndovu.

"Bale banakuya na bunduki," baba alisema. "Sisi tuko na mishale tu. Unafanya nini?"

Mdogo wangu, ambaye alizaliwa damu ikimchemka, alisukuma meupe yote mbele kwa mkupuo. Baba akayafagia kwa kiganja.

"Aya! Umemaliza kijiji. Na mama yako pia."

Nilicheka mpaka mdogo wangu akanikata jicho. Ndipo baba akatuonyesha babu yake alivyofanya na wenzake. Waliacha kijiji kitupu, vyungu vikiwa bado na moto, wakajificha kwenye matete. Wageni waliingia, wakala, wakalewa pombe ya watu, na huku nyuma vijana wa kijiji wakaiondoa mitumbwi yote ya wageni ukingoni. Walipotaka kuvuka kurudi walikokuja, wakakuta maji matupu. "Bunduki haijue kuogelea," baba alisema, na hapo alicheka peke yake kila Jumapili kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake: kabla ya kuhesabu adui, tazama nyuma yako kuna nini.

Alikuwa na sheria nyingine aliyoipenda kuliko hiyo. Kiongozi wa vita hakosolewi mbele ya watu wake. Ukiona amekosea, unamngoja ndani ya nyumba, unamwambia huko. Na mwanamume anayekwenda kuzungumza na adui anashika upinde usio na kamba, kamba ameizungusha mkononi, kila mtu aione. Natamani hata leo kukaa kwenye ule mchanga, nikichoka na hadithi zake, nikipiga miayo kwa makusudi ili aone.

Mdogo wangu akakua, akaenda kuchimba madini kule Mutoshi kama wenzake, na haukupita muda akawa mkubwa wa kundi. Asubuhi moja mtaa mzima ulijaa makelele: pale walipochimba pamezungushiwa waya na kampuni, na vijana wamekusanyika na mawe, mapanga na manati. Aliyesimama mbele yao, nani mwingine? Upande wa pili wa waya walikuwa walinzi wenye silaha.

Baba alikuwa ananyoa ndevu. Alijifuta povu, akavaa koti lake la Misa, akashusha upinde, akazungusha kamba kwenye kifundo cha mkono.

"Tata, uko naenda wapi na ile fimbo?" nikamuuliza.

Alikuwa ameshatoka. Nikamfuata na kandambili zangu, nikilalamika njia nzima.

Tulipofika, hata mimi nisiyejua vita niliona. Nyuma ya wale vijana kulikuwa na shimo la zamani lililojaa maji ya mvua, refu kwenda chini, na pembeni malundo ya udongo. Kijia kilikuwa kimoja, chembamba. Bunduki zikilia, wangesukumana wote majini. Baba akapenya katikati yao. "Muzee, unaenda kuwinda panya?" mmoja akamtania, wengine wakacheka. Akasimama mbele ya mwanawe, mgongo akiwapa walinzi, na kwa sauti ile ile ya uani akasema:

"Mwanangu, geuka. Nyuma yako iko maji."

Wote wakageuka. Mmoja akacheka kwa woga, mwingine akashika kijia, wengine wakamfuata. Kwa muda ambao hata chai isingechemka, uwanja ukawa mtupu. Hakuna aliyeumia. Mpaka leo kuna mama wa mtaani kwetu wanaonishika mkono sokoni kwa sababu ya siku ile.

Mdogo wangu alibaki pale na jiwe mkononi. Alimtazama baba kama mtu asiyemjua, akaliacha lianguke.

Kuanzia kesho yake, mashimoni wakampa jina jipya. "Mutoto wa Tata, umeomba ruhusa?" "Mutoto wa Tata, usitumbukie!" Kundi likachagua mkubwa mwingine. Juma halikuisha, akapanda basi la kwenda Solwezi, upande wa Zambia, bila hata kula.

"Nimevunja sheria," baba akaniambia jioni ile.

"Lakini umemuokoa, Tata!"

"Mbele ya batu yake."

Miaka ikapita. Mdogo wangu alikuwa akinipigia mimi simu, tukacheka, lakini nikisema "Ngoja nikupe Tata," mtandao ulikufa papo hapo, mtandao gani huo! Baba alianza kwenda kituo cha mabasi, eti kunyoosha miguu. Na mimi nilimkumbuka mdogo wangu mpaka nikamchukia, halafu nikamkumbuka tena.

Baba alipougua aliniachia maneno. "Umuambie ni mi nilikosa. Alikuwa mukubwa, nikamufanya mutoto. Lakini ile maji hakuiona. Ningefanya namna gani?" Akafariki masika haya yaliyopita.

Mdogo wangu alipiga simu tulipokwisha kuzika. Nikampa maneno ya baba kama yalivyo. Nikangoja mtandao ufe tena.

"Yaya," akasema, ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "maji niliiona. Tangu asubuhi. Nilikuwa nimetuma batu wawili kufungua njia ingine kwenye malundo. Nilikuwa nabangoja, kisha nibatoe bote polepole. Ni yeye alinifundisha, nisahau namna gani?"

"Sasa juu ya nini haukumwambia?"

"Hakuniuliza. Yaya, alikufa akiwaza sikuiona?"

Nilitaka kumdanganya, Mungu anajua, uongo ulikuwa tayari mdomoni.

"Ndiyo," nikasema. "Alikufa akiwaza hivyo."