Nilimgombeza mama kwa sababu ya heat equation, kumbe kosa lilikuwa kwenye sifuri yangu

Wakuu, habari za huku Lupepo ni mvua tu, haijakata tangu asubuhi. Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijaongeza chumvi, na sehemu ya aibu sijairuka.

Nasoma masters ya uhandisi. Thesis yangu inahusu joto ndani ya shimo la kuivishia ndizi. Kwetu unachimba shimo, unatandika majani ya mgomba, unapanga ndizi, unafunika.

Nikaandika heat equation, yaani mlinganyo wa jinsi joto linavyosambaa, nikaitatua kwa Fourier series, safi kabisa. Hesabu ikasema shimo litapoa taratibu mpaka lilingane na udongo.

Tatizo, kipimajoto kilikuwa kinapanda. Kila siku kinapanda!

Supervisor alishanirudishia kazi mara mbili. Akasema safari hii hesabu na vipimo visipokubaliana, narudia mwaka. Nilichanganyikiwa, siwafichi.

Nikaenda Tukuyu mjini kununua kipimajoto kingine. Nacho kikapanda vilevile.

Basi nikamgeukia mama, tena kwa ukali: "Mama, nikitoka wewe unafunua shimo, jua linaingia! Unaniharibia masomo."

Mama akanishika mkono mpaka shimoni, akasogeza majani kidogo.

"Ingiza mkono."

Joto lake, jamani! Na jua lenyewe halikuwepo, mawingu matupu.

"Ndizi zikianza kuiva zinatoa joto zenyewe," akasema. "Kwani wewe uliandika humo ndani mna nini?"

Nikafungua daftari palepale. Upande wa kulia wa equation niliandika sifuri. Yaani ndizi nilizihesabu kama mawe, hazitoi joto lolote. Niliweka sifuri kwa uvivu tu, maana ndivyo inavyotatulika kirahisi, kama mifano ya darasani. Na ndizi za shimo lile nimezila tangu utotoni!

Nikaongeza source term, yaani joto linalotoka kwenye ndizi zenyewe. Hesabu ikawa ndefu, inakera, lakini grafu ikapanda pamoja na kipimajoto. Supervisor kaipitisha wiki iliyopita.

Somo nililopata: kabla hujamfokea mtu, kagua kwanza ulichokiandika sifuri bila kukiuliza.

Mama nilimwomba radhi kwa Kinyakyusa, Kiswahili kilinishinda. Akacheka, yakaisha.

Ile term kwenye thesis nimeiita joto la Subila. Supervisor akauliza Subila ni mwanasayansi wa wapi. Nikamjibu, wa Lupepo, ndiye aliyenizaa.

Haya, nani mwingine kamgombeza mtu wa nyumbani kwa kosa lililokuwa kwenye daftari lake? Njooni tuaibike pamoja.