Nani Ataniosha Huko

Miaka ile ya sabini, hapa Birmingham, Uingereza, mume wangu alipopata kazi ya kutunza jenereta kwenye kisiwa kidogo cha Pasifiki, sikumuuliza habari za joto wala mshahara. Nilimuuliza kama kuna Waislamu.

"Hakuna hata mmoja," alisema, akivua koti lake la kiwandani. "Lakini watu wema, wa kanisani. Contract yenyewe miaka miwili tu."

Nilikuwa na mimba, ya kwanza. Kwetu Unguja husemwa mja mzito mguu wake mmoja umo kaburini; mimi niliona yote miwili imo. Maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake wenzake, na huko nisingekuwa na hata mmoja wa kuniosha. Niliogopa nikiwa ndani ya basi Coventry Road, niliogopa nikimenya viazi. Kufa kwenyewe hakukunitisha kama kuzikwa bila kuoshwa.

Bibi mmoja wa Kizanzibari, aliyekuwa akituoshea maiti zetu hapa mtaani Small Heath, akaniambia mume anaruhusiwa kumwosha mkewe. "Basi na tumfunze," akasema. "Tahadhari kabla ya hatari."

Jumapili moja mchana nililala chali juu ya mkeka sebuleni, na nguo zangu, karibu na hita ya mafuta ya taa. Bibi akamkabidhi mume wangu kopo tupu.

"Upande wa kulia kwanza, baba. Taratibu! Huoshi gari weye."

Nilifumba macho kama maiti kwelikweli. Alipofika tumboni akasimama.

"Bibi, I can't."

"Utaweza. Rudia."

Akarudia mpaka akaweza. Tulisafiri moyo wangu umetulia kidogo.

Kisiwani nilijifungua salama, binti, mikononi mwa wanawake wa kanisani walionikanda na kuniimbia. Tulikula samaki na majimbi, kama ya kwetu. Nikaanza kuucheka woga wangu.

Kisha mume wangu akashikwa na homa. Alipona, nisikutie wasiwasi bure. Lakini asubuhi ile daktari alikuwa kisiwa kingine, na mgonjwa wangu hakuweza hata kuinua kichwa.

"Weye utaweza?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

Nilielewa anachouliza, na hofu iliyonishika ilikuwa mbaya kuliko ile ya Birmingham. Siku ya somo mimi ndiye niliyekuwa maiti. Macho nilifumba mwanzo hadi mwisho, sikuona kitu. Na katika sisi watatu hakuna aliyefikiri kwamba huenda akatangulia yeye.

"Sijui," nikamwambia, nikaanza kulia. "Wallahi sijui hata pa kuanzia."

Akautoa mkono wake wa kulia chini ya shuka, ukiwaka moto, akaniwekea mapajani.

"Anzia hapa," akasema.