Mikate Miwili ya Bia

Mkate wa bia hauna kazi. Hautaki hamira, haukandwi, wala haufunikwi kitambaa ukisubiriwa uumuke. Unachukua unga wa ngano, ule unaoumuka wenyewe, unatia sukari kidogo na chumvi, unamimina chupa ndogo ya bia, unakoroga kwa mwiko, unapaka siagi juu na kuoka. Hata mtoto anaweza. Mimi ulinitoa jasho, kwa sababu nilikuwa nimemaliza mwaka mmoja na miezi miwili bila kuonja pombe.

Lawama ni zangu. Mteja wangu mmoja wa Ngoingwa alikuwa na wageni Jumamosi mchana, akaniandikia kwenye simu akiuliza kama naweza kumwokea mkate wa bia, mmoja tu. Kwa kiherehere changu nikajibu naweza. Tangu nianze kuoka nyumbani kwangu hapa Ruiru sijawahi kumwambia mteja siwezi. Ningemwambia anunue bia mwenyewe aniletee, lakini wazo hilo lilinijia Jumamosi asubuhi, nikiwa nimeshasimama mbele ya duka la pombe ambalo nilikuwa nikilikwepa kwa kupita njia ya nyuma.

Kijana wa dukani aliniona kabla sijafungua mdomo.

"Mathe! Umepotea sana! Nikupee ile ya kawaida?"

"Nipe bia moja, chupa ndogo. Ni ya kupika."

"Ya kupika!" Alicheka mpaka akaegemea kaunta. "Haya basi, ya kupika. Lakini chupa ndogo zimeisha. Iko tu mkebe, ile ya nusu lita."

Hapo ningepaswa kuondoka. Nilichukua mkebe, nikauviringisha ndani ya sweta na kwenda nyumbani mbio mbio, nikiombea nisikutane na mtu wa kanisani.

Jikoni nilipima unga kwanza, polepole, nikijifanya sina haraka. Kisha nikafungua mkebe. Ile harufu ilipotoka mate yalinijaa mdomoni, sitaki kudanganya. Nilipima bia inayotosha mkate mmoja, nikaimimina kwenye unga, povu likapanda, nikakoroga. Unga ulishikana vizuri kabisa. Na ndani ya mkebe kulikuwa kumebaki bia, kama theluthi hivi.

Mtu ambaye hajawahi kuwa mlevi atasema, si umwage tu? Hata mimi nilisema hivyo. Niliinua mkebe nikaupeleka kwenye sinki, nikasimama pale. Mkono ulikataa kuinama. Kichwani sauti ilianza kunishauri: ni kidogo tu, imeshafunguliwa, kumwaga ni hasara, na nyumbani hakuna mtu. Sauti hiyo naijua vizuri. Ilinishauri miaka mingi na haikukosa sababu hata siku moja.

Nilijua nikisimama pale dakika nyingine moja nitakunywa. Kumwaga sikuweza, basi niligeuka nikaimimina bia yote iliyobaki kwenye bakuli la unga. Ule unga wangu mzuri ukawa uji. Niliongeza unga, nikakoroga, nikaongeza tena, mpaka bakuli likajaa pomoni na nikalazimika kutoa chombo cha pili cha kuokea. Nilikuwa na mikate miwili, na wa pili hakuna aliyeuitisha.

Binti yangu anasoma chuo na anakaa hosteli Kahawa Wendani. Tulikuwa tumepatana aje saa sita achukue mkate aupeleke Ngoingwa. Alifika saa tano, wakati mikate iko ndani ya oveni na nyumba nzima inanuka bia. Alisimama mlangoni, begi begani, akavuta pumzi kwa pua. Halafu akauona mkebe.

"Mami."

"Ni ya mkate."

Alichungulia kioo cha oveni. "Si ulisema ameitisha mmoja? Mbona ni mbili?"

Nilimweleza yote, kuanzia dukani mpaka kwenye sinki. Nilikuwa nasema ukweli mtupu, na masikioni mwangu ulifanana kabisa na uongo niliokuwa nikimpa alipokuwa shule ya msingi. Naye alinisikiliza vilevile kama zamani, akiangalia mikono yangu.

"Njoo uninuse," nikamwambia.

Nakiri nilisema hivyo nikitumaini atakataa, aseme hapana Mami, nakuamini. Hakukataa. Aliweka begi chini, akaja, akanishika kidevu. Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nililea mtoto wa kunusa. Nilifungua mdomo. Akanusa, akanusa tena.

"Sawa," akasema.

Lakini macho yake yalikuwa yameshahamia kwenye mtungi wa gesi, kwa sababu nyuma ya mtungi ndiko nilikokuwa nikificha chupa. Aliinama akapitisha mkono huko, hakupata kitu, akasimama akijipangusa vumbi bila kunitazama. Iliniuma. Iliniuma sana, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

"Angalia na chini ya godoro," nikamwambia.

Akaenda kuangalia.